Stesheni ndogo ya mwisho wa reli: anza na treni, reli zitafuata

Msomaji mmoja ana rafu ya ukutani yenye urefu wa mita 3.2 na upana wa sentimita 50. Anataka kujenga juu yake reli ya mfano: stesheni ya mwisho ya njia ya tawi la Kiingereza, enzi za injini za mvuke, kwa skeli ya OO. Ameniletea ramani yenye majukwaa matatu, pointi kumi na moja (pointi ni pale reli inapogawanyika kuwa njia mbili), banda la injini la njia tatu, na sahani ya kugeuzia injini yenye kipenyo cha sentimita 30 ambayo tayari anayo. "Kila nikiitazama naona mchezo wa watoto," anasema. "Lakini nikifuta kitu naogopa nitaichoka baada ya mwezi mmoja. Nifute nini, nibakishe nini?"

Ndugu yangu, futa majukwaa mawili, pointi saba na hiyo sahani. Pointi nne zinakutosha, ya tano ukitaka banda la injini. Najua inauma, kwa hiyo acha nieleze sababu.

Ramani yako imeanza na reli. Ulikuwa na rafu, ukatafuta njia ngapi zitaingia, ukazijaza. Reli halisi haikujengwa hivyo. Matawi mengi ya Uingereza yalianzishwa na kampuni ndogo za watu wa eneo lenyewe, kama lile la Ashburton huko Devon, lililofunguliwa mwaka 1872, au lile la Hemyock lililofuata mwaka 1876. Fedha zilikuwa za kuungaunga. Kila pointi ilikuwa gharama ya kuinunua, kuifungia nyenzo na fito zake, kuipaka mafuta, na kumlipa mtu wa kuihudumia maisha yake yote. Basi kila pointi iliyowekwa ilikuwa na kazi inayojulikana, na jicho la mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu reli, huhisi pale ambapo kazi hiyo haipo. Ndiyo maana unaona mchezo wa watoto.

Kulikuwa na sheria pia. Wakaguzi wa serikali waliitazama kwa ukali pointi yoyote inayoikabili treni ya abiria, yaani ile ambayo treni ikiifikia inaweza kwenda upande huu au ule. Ilitakiwa iwe na kufuli lake na ifungamanishwe na signali, isije ikageuka chini ya magurudumu. Baada ya ajali ya treni ya Armagh, huko Ireland, ya Juni 1889, Bunge lilipitisha mwaka huohuo sheria iliyowapa wakaguzi meno zaidi: kufungamanisha pointi na signali kukawa jambo la kulazimishwa, pamoja na breki zinazoshika treni nzima ya abiria. Hivyo wahandisi walizikwepa pointi zinazokabili treni kadiri walivyoweza. Kwenye ramani yako treni ya abiria inazikabili pointi tano kabla ya kusimama. Mkaguzi angekurudishia karatasi bila hata kukaa kitini.

Sasa tuanze upya, na tuanze na treni yenyewe.

Kwenye OO milimita 4 ni sawa na futi moja. (Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5 badala ya 18.83 zilizopaswa kuwapo kwa skeli hiyo. Wapo wanaokosa usingizi kwa sababu hiyo. Wewe usiwe mmoja wao kwa sasa.) Injini ndogo ya tawi, ile inayobeba maji yake kwenye matangi ya ubavuni, inachukua milimita 120 hivi. Behewa la abiria la futi 57, ukihesabu na bafa zake, vile vizuia-mshtuko vya kwenye ncha, ni karibu milimita 240. Behewa dogo la mizigo la magurudumu manne ni kama 85 pamoja na kiunganishi chake. Behewa la gadi ni 110.

Treni ya abiria ya injini na mabehewa mawili basi ni milimita 600. Treni ya mizigo ya injini, mabehewa matano na behewa la gadi ni 655. Hizo ndizo treni zako, na tafadhali usiongeze hata behewa moja. Mabehewa mawili kwenye tawi dogo ni jambo la kawaida kabisa, na mara nyingi lilikuwa moja tu.

Injini ikishafika mwisho wa reli iko upande usiofaa. Inabidi iachane na mabehewa, isogee mbele, ipite pembeni yao, ije ijifunge upande wa pili. Kwa hiyo unahitaji lupu, yaani njia ya pembeni iliyounganishwa na njia kuu kwenye ncha zote mbili, na lupu ndiyo kitu kimoja kinachoamua kama stesheni yako itafanya kazi au itakuwa pambo. Urefu wake wa kutumika unapimwa kati ya zile sehemu mbili ambapo behewa lililosimama kwenye njia moja halitaguswa na kitu kinachopita njia ya pili. Watu wengi hupima kutoka pointi hadi pointi, kisha wanashangaa mbona injini inakwangua mabehewa.

Treni ya mizigo bila injini yake ni milimita 535, kwa hiyo tuseme lupu iwe na 560 za kutumika. Pointi ya Peco, kampuni inayotengeneza reli za mfano, ya mkunjo wa kati ina urefu wa milimita 219, lakini ukijumlisha na kipande kinachohitajika mpaka njia mbili ziachane vya kutosha, kila ncha ya lupu inakula karibu 300. Jumla ni 1,160. Mbele ya pointi ya mwisho lazima pabaki kipande cha injini kusimama kabla ya kurudi nyuma. Injini ni 120, weka 150, kisha kizuizi cha mwisho wa reli. Tumefika 1,310.

Rafu yako ni 3,200. Kata 800 upande mmoja kwa njia za mafichoni nitakazozieleza baadaye. Zimebaki 2,400 za kuonekana, na lupu imechukua 1,310. Hizo 1,090 zilizosalia ndizo ulizokuwa umezijazia pointi. Usizijaze. Hapo patakuwa njia moja tu inayotoka mafichoni kuelekea stesheni, na njia hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana: injini itavutia mabehewa hapo kila inaposhanti, yaani inapoyapanga na kuyahamisha kutoka njia moja hadi nyingine. Injini na mabehewa manne ni milimita 460, zinaingia kwa raha na nafasi inabaki. Mtazamaji naye anapata kitu adimu kwenye rafu ndogo, muda wa kuiona treni ikija.

Tuseme kizuizi cha mwisho kiko kushoto na mafichoni ni kulia. Treni ya abiria inatoka kulia, inaikabili pointi moja tu, ile ya kuingilia lupu, inanyoosha hadi kwenye jukwaa lililo upande wa nyuma wa rafu. Lupu iko mbele ya njia ya jukwaa. Ndani ya lupu, mara tu baada ya pointi ya kwanza, weka pointi ya tatu inayotoa njia ya mizigo kuelekea mbele ya rafu, na hiyo igawanywe mara moja na pointi ya nne. Unapata njia mbili za pembeni zinazoelekea kushoto, kila moja ikimeza mabehewa matano hivi. Injini ikishaizunguka treni yake iko upande wa kulia, mahali hasa inapotakiwa kuwa: inavuta mabehewa kuelekea mafichoni, unageuza pointi, inayasukuma kwenye njia ya mizigo.

Pale njia ya mizigo inapotaka kuingia ile ya abiria, reli halisi iliweka pointi ya mtego, ili behewa lililoponyoka lianguke pembeni badala ya kuigonga treni yenye watu. Kwako haihitaji kufanya kazi. Gundisha ulimi mmoja mfupi wa reli kando ya reli iliyopo, upake kutu, basi. Ni dakika chache za kazi, na anayejua reli akiuona ulimi huo atakuamini kwa mengine yote.

Uwanja wa mizigo ndio mahali ambapo ramani nyingi za rafu ndogo hufa, kwa sababu mchoraji anafikiria mabehewa na kusahau mikokoteni. Kila kilicholetwa na behewa kiliondoka kwa barabara. Makaa ya mawe yalipakuliwa kwa koleo kutoka behewa hadi kwenye mkokoteni au kwenye lundo la mfanyabiashara. Mbolea, chakula cha mifugo, mashine za shamba, vyote vilihitaji farasi na mkokoteni kufika ubavuni mwa behewa, kugeuka na kuondoka. Njia ya pembeni isiyofikiwa na barabara haina faida kwa mtu yeyote. Kwenye ramani yako njia tatu za mizigo zimebanana sambamba, na ile ya katikati ingefikiwa na ndege tu.

Kwa hiyo acha njia zako mbili ziachane kidogokidogo mpaka kwenye ncha ya kushoto ziwe na sentimita 12 kati yao. Hizo ni futi 30 za dunia halisi, na barabara iingie hapo ikitokea kwenye ukingo wa rafu. Njia ya ndani ipitie kwenye ghala la mizigo, au kama nafasi ni finyu, kando ya jukwaa fupi lenye kibanda cha mabati. Njia ya mbele iwe ya makaa, na mwishoni mwake weka mazizi ya kupakia ng'ombe. Sehemu kubwa ya uwanja itakuwa udongo uliokanyagwa, na utatamani kuweka kitu. Vumilia. Uwanja wa stesheni ya kijijini ulikuwa mtupu saa nyingi za siku.

Ukitaka kitu kimoja cha kuipa stesheni tabia yake, chagua biashara moja. Hemyock iliishi kwa maziwa. Kiwanda kilikuwa hapohapo mwisho wa reli, na hata baada ya treni za abiria kusitishwa mwaka 1963, matangi ya maziwa yaliendelea kupita hadi mwaka 1975. Kiwanda kama hicho kinakupa sababu ya njia ya pili, mabehewa ya sura ya pekee, na jengo refu la kuficha pembe ya rafu. Lakini ukiweka maziwa, usiweke tena machimbo ya mawe, kiwanda cha bia na kinu cha unga. Nimeona rafu za mita mbili zenye viwanda vingi kuliko mji wa kati.

Sahani ya kugeuzia sasa. Injini za matangi zilikimbia mbele na nyuma bila shida, kwa hiyo tawi dogo halikuwa na haja ya kuzigeuza. Tena hiyo yako ya sentimita 30 ni sawa na futi 75 za halisi, ambazo ni za depo kubwa yenye injini zinazovuta tenda, yaani kibehewa cha makaa na maji. Itamiliki rafu nzima. Ipo stesheni moja inayoweza kukupa kisingizio: Bembridge, kwenye kisiwa cha Wight. Pale nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba waliweka sahani ndogo mwisho wa jukwaa, mahali pa pointi, na injini ikageuziwa hapo ili ihamie njia ya pili. Ukipenda wazo hilo unahitaji sahani ya injini moja tu, milimita 150 hivi, ambayo utaijenga mwenyewe. Ile uliyonayo mpe mwenye chumba kikubwa.

Banda la injini nalo ninaliachia hiari yako. Matawi mengi yalikuwa nalo, la injini moja, kwa sababu treni ya kwanza ya asubuhi iliondokea kijijini na injini ililala huko. Ukiliweka, liwe la njia moja, na tangi la maji na rundo la makaa. Njia tatu zingemaanisha injini kadhaa, na tawi zima lilikuwa na moja.

Hilo la injini moja linarahisisha signali pia. Matawi mengi mafupi yaliendeshwa kwa kanuni kwamba injini moja tu yenye moto inaruhusiwa kuwa kwenye njia, na dereva anabeba fimbo maalumu kama kibali chake. Ambako utaratibu ulikuwa huo, stesheni ya mwisho ingeweza kuwa na signali chache mno: moja ya kuruhusu kuingia, moja ya kuruhusu kutoka, na wakati mwingine pungufu ya hapo. Signali ya tahadhari ya mbali isiwepo kabisa. Ilikaa mamia ya yadi kutoka stesheni. Yadi 600 tu kwa skeli yako ni mita 7.2, huko jikoni labda.

Jukwaa liwe milimita 12 juu ya reli, maana futi 3 ndicho kilikuwa kimo cha kawaida, na mteremko wa ncha yake uwe wa 1 kwa 8. Upana, usiwe bahili. Majukwaa ya reli za mfano karibu yote ni membamba mno. Nenda milimita 60 kabla hujafikiria jengo.

Halafu usizipange reli sambamba na ukingo wa rafu. Zilaze kidogo, upande mmoja uwe karibu na ukingo na wa pili mbali nao, au uzipe mkunjo mpole usioisha. Reli halisi ya abiria ilijitahidi isipinde kwa nusu kipenyo cha chini ya mita 200, ambazo kwako ni zaidi ya mita 2.6, wakati pointi yako ya mkunjo wa kati ina milimita 914 tu. Haiwezekani kufuata kipimo chao, lakini kadiri mikunjo inayoonekana inavyokuwa mikubwa ndivyo udanganyifu unavyofaulu. Mikunjo mikali ifiche nyuma ya kitu. Kokoto safi ziwe kwenye njia ya jukwaa tu. Njia za mizigo zilitandikwa majivu ya injini, mataruma yamezama nusu, majani yameota katikati, na tofauti hiyo ya rangi kati ya njia mbili zilizolazana ina thamani kuliko jengo lolote utakalonunua.

Treni itoke mafichoni kwa kupita chini ya daraja la barabara, au kati ya miti na ukuta wa ghala. Handaki likatae. Kampuni iliyokuwa ikihesabu senti haikuchimba handaki ili kufika kijijini. Nyuma ya daraja, kwenye zile milimita 800, tengeneza ubao mmoja unaozunguka kwenye ekseli upande wa mbali, wenye njia tatu juu yake, ili ncha yake ielekezwe kwenye reli inayotoka. Treni ya milimita 655 inakaa bila wasiwasi, na hutumii hata pointi moja. Tatizo ni kwamba treni ikirudi mafichoni injini inakuwa upande wa ukutani. Nyanyua injini kwa mkono kama huna haraka, ila itachakaa. Mimi napendelea kuifanya ncha ya ukutani ya kila njia kuwa kipande kifupi kinachong'oka, cha urefu wa injini, unachokibeba na injini juu yake hadi upande wa pili. Au tumia treni isiyohitaji kuzungukwa. Kampuni ya reli ya Great Western ilijenga kuanzia mwaka 1932 injini ndogo za matangi ambazo dereva aliweza kuziendesha akiwa ndani ya chumba kilicho mwisho wa behewa la abiria, treni ikisukumwa badala ya kuvutwa. Moja ya hizo na behewa lake moja inakupa safari nyingi za abiria bila kuhangaika.

Umesema unaogopa kuchoka. Hofu hiyo ina msingi, lakini wingi wa njia hauitibu. Kinachochosha ni kuendesha treni isiyo na pa kwenda. Andika kadi moja kwa kila behewa: linatoka wapi, linapeleka nini, lisimame wapi hasa, kwenye makaa, ghalani au kiwandani. Changanya kadi, chota tano, na hiyo ndiyo treni ya mizigo ya leo. Ikifika itakuta mabehewa mengine yamesimama njiani, baadhi yameshapakuliwa, mengine bado, na hayo ambayo bado hayaruhusiwi kuondolewa. Kupanga nani atoke kwanza kwa pointi nne na nafasi ya mabehewa manne ya kuvutia ni fumbo linalomshughulisha mtu mzima kwa nusu saa au zaidi. Na uende polepole. Tawi la Hemyock lilikuwa na mwendo wa taratibu kiasi kwamba treni zake hazikuweza kuchaji betri za taa, ikabidi wabaki na mabehewa ya taa za gesi. Injini inayoingia uwanja wa mizigo iende mwendo wa mtu anayetembea.

Usinunue chochote bado. Pointi za Peco zina ramani za ukubwa halisi unazoweza kuchapisha bure. Zikate, zitandike kwenye rafu, unganisha kwa mistari ya penseli, kisha weka mabehewa yako halisi juu ya karatasi na uyasukume kwa kidole ukifuata kadi. Angalia hasa mambo mawili: kama injini inapata mahali pa kusimama mbele ya lupu bila kugusa kizuizi, na kama mabehewa manne yanatoka yote kwenye njia ya mizigo kabla injini haijaingia chini ya daraja. Ukiona pointi yoyote imekaa muda mrefu bila kuguswa, ing'oe. Wakati huohuo piga alama chini ya kila pointi kuonyesha mota ya kuigeuza itakaa wapi, maana kama rafu ina mhimili wa mbao hapohapo, ni rahisi kuisogeza karatasi sentimita tano leo kuliko kukata mhimili mwezi ujao.